Upepo Ulivyonigomea Mdomoni

Kwanza ieleweke kwamba mimi si mwizi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina nyumba Ipuli hapa Tabora, vyumba vitatu na sebule, na deni la benki lenye umri mkubwa kuliko gari langu. Kilichotokea Novemba ile ni kwamba upepo uliianza kazi kwangu, mimi nikaona haukuimaliza, nikataka kuusaidia.

Bima yenyewe sikuitafuta. Ilikuja na mkopo, kama kupe anavyokuja na ng'ombe. Afisa wa benki alinisogezea karatasi akasema nyumba ikishawekwa dhamana lazima ikatiwe bima, saini hapa, hapa na hapa. Kuna mahali waliuliza kuijenga upya kutagharimu kiasi gani. Nikauliza ada inapigwaje, nikaambiwa ni asilimia ya hicho kiasi. Basi mimi, mtu wa hesabu, nikaandika milioni 30. Nilitoka pale najipongeza mwenyewe, hata soda nikajinunulia.

Sasa fishabodi. Kwa asiyejenga, fishabodi ni ule ubao unaozunguka pembezoni mwa paa, unaofunga ncha za kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati, zisionekane na kulowa, na gata la maji ya mvua hugongelewa hapo. Watu wengi hawana habari nao. Mimi nilikuwa nao kama mtoto wa mwisho, kwa sababu fishabodi zangu zilikuwa za mninga. Mninga! Ule ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mchwa akiuonja anahama mtaa. Fundi alikuwa shemeji yangu, kaka yake mama Kulwa, na hela ya mninga nilimhesabia mkononi noti kwa noti. Mgeni akija kwangu, kabla hajakaribishwa maji alikuwa ameshaonyeshwa fishabodi.

Basi siku ile, saa kumi jioni, mbingu ilibadilika rangi upande wa stesheni. Mvua za kwanza za Tabora haziji kwa adabu. Unatangulia upepo kuuliza nani yupo. Mwembe wa jirani ukainama, ukainuka, ukainama tena, halafu tawi lake moja nene kama paja la mtu likakatika na kutua upande wa mashariki wa paa langu. Bati nne zikajikunja kama masikio ya mbwa. Fishabodi ikang'oka na gata lake, ikabaki inaning'inia kwa msumari mmoja, na usiku kucha ikawa inagonga ukuta: ko, ko, ko. Mama Kulwa akasema, "Nenda kafungue, labda ni mtu wa bima."

Asubuhi nikaitoa ile hati ya bima chini ya godoro. Ukurasa wa juu ulikuwa mtamu: moto, radi, dhoruba, tufani, mafuriko, kuangukiwa na mti. Ukurasa wa chini uliandikwa kwa herufi za sisimizi: hatutalipa hasara iliyosababishwa na uchakavu, kutu, kuoza, mchwa na wadudu wengine, wala ukosefu wa matunzo. Ya juu niliyasoma kwa miwani. Ya chini niliivua.

Nikapiga simu. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Akasema piga picha, funika palipo wazi kwa turubai mvua isizidishe hasara, halafu usitengeneze wala usibomoe chochote mpaka mkaguzi afike. Hilo la "wala usibomoe" nililisikia vizuri tu, nisisingizie mtandao.

Tatizo ni kwamba nyumba ina pande nne. Upande wa mashariki ungelipwa, ungerudi mpya unang'aa, na pande tatu zilizobaki zingeonekana kama ndugu wa baba mwingine. Hasa ule wa kaskazini, vanishi yake ilishaanza kubanduka. Nikawaza: upepo ule ulikuwa mkubwa. Ungeshindwaje kufika kaskazini? Labda ulifika, ila misumari ikawa bado inafikiri.

Nikamgusia mama Kulwa kwa mbali. Akaniangalia, kisha akasema, "Baba Kulwa, kule kaskazini kuna nyuki. Siku nyingi sasa nawaona wanaingia na kutoka nyuma ya ule ubao."

"Hao wa kupita tu," nikamjibu. Tabora ukiambiwa kuna nyuki ni sawa na kuambiwa kuna jua. Asali tunaisafirisha, nani atashtuka?

Mkaguzi alikuwa afike Alhamisi asubuhi. Jumatano, saa sita usiku, nikatoka na ngazi, mtaimbo, na tochi ya kufunga kichwani niliyoiazima kwa kijana mmoja wa bodaboda. Nikapanda. Nikapenyeza ncha ya mtaimbo kati ya ubao na kenchi, nikakandamiza kidogo tu, kama upepo ambao ungekuwa na haya. Ubao ukatoka kirahisi mno. Mninga hautoki hivyo. Nilitaka kulitafakari jambo hilo, lakini nikasikia sauti ndani, kama darasa la watoto themanini walioambiwa wasome kimyakimya.

Jambo moja ambalo kila mrina asali wa Sikonge analijua na mimi sikulijua: usiku nyuki harukiruki ovyo kama mchana, anaufuata mwanga. Na mwanga wote uliokuwepo Ipuli usiku ule ulikuwa umefungwa kwenye paji la uso wangu.

Sitaki kueleza nilivyoshuka. Ngazi haikuhusika. Chini palikuwa na pipa la maji, nikaingia kwa kichwa, miguu ikabaki nje, na tochi, kwa kuwa ilikuwa imara, ikaendelea kuwaka humo humo majini. Mama Kulwa alitoka na khanga kichwani, akaizima kwanza tochi, ndipo akanitoa mimi. Alinikwangua miiba kwa ukucha mpaka alfajiri, bila kusema neno. Mwisho akauliza tu, "Huu nao ni upepo, baba Kulwa?"

Saa tatu asubuhi mkaguzi akafika. Kijana mfupi, shati jeupe limenyooka, amebeba ngazi ya kukunja, kalamu mbili mfukoni na bisibisi ndogo. Ametoka Dar es Salaam, na la kunimaliza kabisa, ni Mzaramo. Wasiojua niwaambie: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mzaramo akikukuta msibani kwako ana haki ya kulala kaburini akidai hatoki mpaka alipwe. Sasa huyu amenikuta na uso kama boga, macho mawili yamekuwa mistari, na midomo imevimba mpaka haikutani.

"Mwangaluka, mtani!" akanisalimu kwa Kinyamwezi, kisha akanitazama vizuri. "Eeh! Hasara imefika mpaka hapa? Hii hati inakatia jengo tu, lakini."

Mama Kulwa akaingia ndani haraka. Nilimsikia anacheka ndani ya mto.

Tukaanza mashariki. Akapanda, akapiga picha bati na kovu la tawi, akapima urefu wa fishabodi na gata, akaandika. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akasugua ubao kwa kidole gumba. Vanishi ikatoka kama ganda la kitunguu, chini yake mti mweupe wa njano. Akaunusa. Akanishushia kipande na mimi ninuse.

"Mwalimu, kwenye fomu umeandika mninga. Huu mninga umetoka Mafinga?"

Nilinusa. Ilikuwa paina safi, ile inayopandwa huko Mafinga, mbao ya kufungia maboksi, harufu ile ile. Miaka sita nimewatembeza wageni kuzunguka nyumba wakiangalia paina iliyopakwa rangi. Nikamfikiria shemeji, na namna alivyokula pilau kwangu siku ya kupaua.

Tukaenda kaskazini. Ubao ulikuwa unaning'inia, nyuki wachache wanazunguka, ila kulipokucha wengi walikuwa wameshahama na malkia wao kwenda mwembeni. Mkaguzi alisimama mbali kidogo, akanyoosha mkono, akasukuma bisibisi kwenye ubao. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kijiko kwenye ugali wa moto. Akaichomoa, ikatoka na udongo na mchwa wawili walioonekana kukereka. Halafu akainama akaangalia ile alama ya mtaimbo kwenye kenchi, mbichi, imemeta.

Akashuka. Akafungua ukurasa mpya. Sauti ikabadilika, utani ukakaa pembeni.

"Mwalimu, fishabodi ni sehemu ya jengo kama mlango ulivyo sehemu ya jengo. Ikiharibika siulizi ni ubao gani, nauliza nini kimeiharibu. Mashariki nimeona mwenyewe. Hapa nakuuliza wewe kabla sijaandika. Huu upande uling'olewa na nini?"

Mungu anisamehe, jibu nilikuwa nalo tayari tangu Jumatano mchana. Nikafungua mdomo niseme "upepo".

Haikutoka. Jaribu mwenyewe kusema "upepo" bila kukutanisha midomo. Nilisukuma, ikaja "uheho". Nikarudia, "u-he-ho", mate yakaruka kwenye shati jeupe. Nikataka kuhamia "dhoruba", ikafia kwenye "ba". "Tufani" ndiyo kabisa, mdomo wa chini ulikuwa haujui meno yalipo. Nikatafuta kichwani neno lolote la hasara ambalo halihitaji midomo, mwalimu mzima, jasho linanitoka, na neno pekee lililonijia, tena likatoka safi kama la mtangazaji wa redio, lilikuwa hili:

"Nyuki."

Akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko herufi za neno lenyewe. Kisha akafunga daftari, utani ukarudi.

"Mtani, hao nyuki wamekuokoa. Ungesema upepo ningeuandika, ungesaini, na mimi ningeweka picha ya ile alama ya mtaimbo pembeni yake. Madai ya uongo yanakula na ya kweli. Hata lile tawi la mwembe usingelipwa."

Nilitaka kumshukuru lakini "asante mtani" ina "m". Nikampungia mkono.

Malipo yalipokuja ndipo hesabu ziliponifuata nyumbani. Hasara ya mashariki ilikubalika kwa laki nane: bati, gata, ufundi, na fishabodi ya paina kwa bei ya paina, maana bima inakurudisha ulipokuwa, haikupandishi kwenye mninga. Lakini mkaguzi aliona nyumba hii kuijenga upya leo ni milioni 40. Mimi niliikatia milioni 30. Kwa hiyo, wakaandika, umejikatia robo tatu tu ya nyumba, na kila hasara utalipwa robo tatu. Laki nane ikawa laki sita. Halafu kuna kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe, laki mbili, kiliandikwa kwenye hati tangu siku ya saini. Zikabaki laki nne. Kaskazini, sifuri. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha uwiano kidato cha kwanza. Sikutoa mfano wowote.

Pale kijiwe cha kahawa wakanipa ushauri wa kila aina. Mmoja akasema niende TIRA, wao ndio wasimamizi wa bima nchini, nikalalamike. Mwingine akauliza nitalalamika nini. Nikafungua mdomo kueleza, nikakumbuka pipa, nikaagiza kahawa nyingine.

Shemeji niliitwa nimsamehe kabla sijamgombeza, maana mama mkwe aliwahi kupiga simu. Alikuja Jumapili, amevaa koti. Nikamwekea kile kipande cha paina mezani, katikati ya sahani ya michembe na bakuli la karanga. Akakishika, akakigeuza, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari.

"Shemeji," akasema bila kupepesa, "huu ni mninga. Ila ulikatwa ukiwa bado mchanga, haujapata damu."

Mama Kulwa alicheka mpaka akaomba maji. Nyuma ya ubao wa kaskazini mrina alitoa masega matatu makubwa, tukajaza chupa tano za asali, na shemeji akaondoka na mbili.

Mwaka huu fomu ya kuhuisha bima ilipokuja niliijaza mchana, mama Kulwa amekaa pembeni. Thamani ya jengo, milioni 40. Wadudu, wapo, wameondolewa. Kwenye aina ya mbao za paa nilisita kidogo, nikaandika: "Kwa mujibu wa shemeji, mninga."