Iliki, chai na mbawakawa wa Usambara Mashariki

Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, msitu na shamba la chai vimepakana kiasi kwamba mtu huvuka mpaka kwa hatua moja. Kwa mbawakawa wengi hatua hiyo haivukiki. Ukibandua gome la gogo lililooza msituni, utawakuta wakubwa weusi wanaong'aa, na karibu yao mabuu meupe yaliyojikunja yakitafuna mti uliokwisha kulainishwa na kuvu. Kwenye chai hakuna gogo la kubandua.

Ndiyo maana wapo wanaotetea iliki, ambayo hustawi chini ya miti mikubwa, hivyo kivuli, unyevu na majani yanayooza hubaki, na mkulima hupata fedha bila kuangusha msitu wote. Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, ili iliki ikue, mkulima hufyeka miche ya miti, na miti mikubwa inapokufa haina warithi. Udongo nao ukichoka, kipande kingine cha msitu husafishwa. Chai, kwa upande wake, hufukuza karibu kila kiumbe cha msituni, lakini hukaa palepale kwa miongo mingi na kuajiri watu wengi, na eneo lililobaki laweza kuachwa salama, mradi mipaka iheshimiwe.

Tukihesabu aina za mbawakawa tu, tutapotoka. Wingi wenyewe unashangaza: mwaka 1982 Terry Erwin, mtaalamu wa wadudu, aliandika kwamba miti 19 ya aina moja tu nchini Panama ilimpatia aina zaidi ya 900 za mbawakawa, fukusi wakiwa hawajahesabiwa. Lakini shamba lenye kivuli linaweza kuwa na idadi inayokaribia ya msitu kwa sababu wageni wa maeneo ya wazi wamejaza nafasi za wenyeji. Wageni hao wanapatikana hata kwingineko. Mbawakawa wa ardhini wa milimani, ambao baadhi yao hawaruki kabisa, wakitoweka kwenye mlima wao hawana pa kurudia.

Kwa hiyo naunga mkono kulinda msitu usioguswa na kuunganisha vipande vyake, kama ilivyokusudiwa Derema, ukanda wa msitu huko huko Usambara Mashariki, ambako wakulima wa iliki walizuiwa kulima na kulipwa fidia ya mazao yao. Lakini siwezi kuuita uamuzi huo mwepesi, kwa kuwa fidia hulipwa mara moja ilhali iliki ilikuwa ikiingiza fedha mwaka hadi mwaka, na aliyepoteza ni yule mwenye ekari chache. Iliki iliyo nje ya mipaka ya msitu unaolindwa basi isipigwe vita. Mkulima asaidiwe kuacha miche michache ya miti ya asili ikue kati ya mashina yake, na mti ulioanguka usigeuzwe wote kuni, bali gogo moja liachwe lioze hapo lilipolala.