Wawelisi Hawakuzaliwa Wanaimba, Walifundishwa

Kila nikifungua klipu ya kwaya ya Welisi (Wales), ile nchi ya kina Gareth Bale wa soka, hazipiti dakika mbili mtangazaji hajasema hawa watu muziki uko kwenye damu. Wenyewe wanajiita gwlad y gân, yaani nchi ya nyimbo, na hilo jina mi nawapa kwa mikono miwili. Ninachokataa ni hiyo habari ya damu. Ukisema damu unamfutia mtu jasho lake, na jasho lililotoka kule ni jingi, tena ni la kazi ambayo sisi wa kwaya za huku tunaijua kuliko hao watangazaji, manake tunaifanya mpaka leo kila jioni ya mazoezi.

Nazungumzia solfa, yaani kuandika nota kwa herufi za do, re, mi. d r m f s l t.

Mi naimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa, mwaka wa kumi na tatu huu. Aliyepita kwaya zetu anaijua karatasi ya wimbo, juu kushoto pameandikwa Do = G, chini yake mistari minne ya herufi, sauti ya kwanza mpaka ya nne, nukta mbili zinatenganisha mapigo, kidashi maana yake vuta, na nukta moja ikikaa katikati ya pigo basi hapo pigo limegawanywa nusu. Karatasi ikishakuwa kopi ya kopi ya kopi, hiyo nukta moja ndo ya kwanza kupotea. Pasaka moja sauti ya tatu wote sita tuliingia nusu pigo mapema, kwa sababu ya nukta iliyomezwa na mashine ya fotokopi. Lakini huo ndo uzuri wake pia, yaani mzigo wote wa muziki wa sauti nne umekaa kwenye herufi za kawaida, hutaki kinanda, hutaki karatasi ya mistari mitano, unataka chaki, ubao na mwalimu mvumilivu.

Sasa nenda Welisi ya miaka ya 1860. Mabonde ya kusini yanajaa watu kwa sababu ya makaa ya mawe na chuma, vijiji vinaota kama uyoga, wanaume wanashuka shimoni alfajiri wanapanda jioni weusi tii, na kila kijiji kina makanisa yake madogo ya Wametodisti, Wabaptisti na wengineo. Piano ni ya matajiri. Vitabu vya nota za mistari ni ghali. Hapo ndo solfa ilipoingia ikakuta mahali pake. Aliyeanza nayo ni mwalimu mwanamke wa Norwich kule England, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaichukua akaikarabati na kuieneza, halafu Mwelisi mmoja wa Liverpool, Eleazar Roberts, akaandika kitabu cha kuifundisha kwa Kiwelisi, lugha ambayo hao wachimba makaa waliiota usiku. Nukta, koma na herufi, mashine yoyote ya uchapaji inazo, kwa hiyo karatasi ilikuwa ya bei chee na fundi chuma aliimudu.

Kabla ya hapo kidogo, mwaka 1859, alikuwepo John Roberts, wao wanamwita Ieuan Gwyllt, aliyetoa kitabu cha tuni za kuimbwa na ushirika mzima, na mwaka huohuo pale Aberdare ikafanyika ile wanayoihesabu kuwa cymanfa ganu ya kwanza. Hii cymanfa naomba nikae nayo kidogo. Watu wanajaa kanisani, lakini hawakai kwa familia, wanakaa kwa sauti, soprano huku, alto kule, tenor na besi wana upande wao, hakuna kwaya mbele na wasikilizaji nyuma, wote ni kwaya. Kiongozi anasimamisha wimbo katikati, anawarudisha ubeti uleule mpaka besi wakae sawa. Siku nzima. Bibi wa miaka themanini na kijana wa miaka kumi na mbili wanarekebishwa pamoja bila mtu kuona haya. Damu gani hiyo, hayo ni mazoezi!

Na matunda yalionekana haraka. Mwaka 1872 na tena 1873 kwaya ya watu kama 450 kutoka mabonde hayo ilienda London, kwenye lile jumba la Crystal Palace, ikarudi na kombe miaka yote miwili. Aliyewaongoza ni Griffith Rhys Jones, jina la kazi Caradog, mhunzi, mtu aliyeanza maisha kwenye fuawe. Sanamu yake ipo mpaka leo katikati ya Aberdare, na sijui miji mingapi duniani imemjengea sanamu mwalimu wa kwaya.

Halafu kuna Joseph Parry, na huyu kwangu ndo habari yenyewe. Kazaliwa Merthyr Tydfil 1841, ana miaka tisa tu yuko mgodini, baadaye kwenye tanuru za chuma. Familia ikahamia Danville, Pennsylvania, mwaka 1854, na hukohuko kiwandani akafundishwa nadharia ya muziki na wafanyakazi wenzake. Akawa anatuma tungo zake nyumbani kwenye mashindano ya Eisteddfod, lile tamasha la Wawelisi la nyimbo na mashairi, zikashinda, watu wakachanga hela akasome London, na mwaka 1874 huyo mtoto wa mgodini akawa profesa wa kwanza wa muziki pale chuo cha Aberystwyth. Sasa uniambie ni kipaji tu. Kipaji alikuwa nacho ndio, lakini angekipeleka wapi kama wale jamaa wa kiwandani wasingekuwa wanajua kufundisha?

Parry ndo aliyetunga tuni inayoitwa Aberystwyth, na hapa hadithi inagonga hodi kwetu. Wapo wanaosema Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimetodisti karibu na Johannesburg, aliitoa humo ile Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, ambayo sisi tunaiimba Mungu Ibariki Afrika. Nimeziimba zote mbili mfululizo, polepole, mara nyingi tu, na sijashawishika. Ya Parry ni minor, unatulia kwenye l badala ya d, ina huzuni ya mtu aliyezungukwa na maji, na ya Sontonga inasimama kifua mbele tangu neno la kwanza. Kinachonigusa mimi ni kwamba Sontonga aliandika kwa solfa. Herufi zilezile, nukta zilezile. Mchimba makaa wa bonde la Rhondda kule Welisi na mwalimu wa misheni Afrika Kusini wangeweza kubadilishana madaftari wakaimba papo hapo, na mimi ningewafuata sauti ya tatu bila kuuliza kitu.

Wapo wanamuziki hukohuko Welisi wanaosema solfa iliwachelewesha, kwamba iliwafunga kwenye kuimba tu, vyombo na okestra vikaachwa nyuma. Hoja hiyo ina ukweli, ukitaka kupiga fidla au tarumbeta mistari mitano huikwepi, na kijana wetu anayetaka kufika huko apelekwe akasome. Lakini usimwambie aliyekuwepo kabla yake kwamba alikuwa anacheza.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka michache nyuma mtaalamu mmoja aliletwa kutunoa kabla ya mashindano, akashika karatasi zetu akasema hizi ni nota za watoto, kwaya ya maana haiimbi hivi. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, anaimba tangu miaka ya sabini, alisomea solfa chini ya mwembe na ukimpa wimbo mpya anausoma moja kwa moja bila kugonga kinanda. Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye pochi, na wiki mbili hatukumwona mazoezini. Ndugu zangu, yule mama angekaa kwenye benchi la alto kwenye cymanfa yoyote ile ya karne iliyopita na wangemsogelea wamsikilize.

Kitu kingine ninachowapendea ni plygain, ibada ya kuimba karoli, yaani nyimbo za Krismasi, hii iko zaidi upande wa Montgomeryshire kulekule Welisi, kipindi cha Krismasi mpaka Januari. Kanisa baridi, mwanzoni kabisa ilikuwa alfajiri kabla hakujakucha. Hakuna mshereheshaji, hakuna ratiba, hakuna kinanda. Kikundi kinanyanyuka chenyewe, watu watatu wanne, mara nyingi ndugu wa familia moja, wanatembea mbele, mmoja anagonga kiuma cha kupatia sauti anakiweka sikioni, anawanong'oneza wenzake, wanaimba karoli ndefu ya beti nyingi, wanarudi kukaa. Hakuna kupiga makofi. Kimya, halafu wengine wananyanyuka. Na karoli ikishaimbwa usiku huo hairudiwi, kwa hiyo lazima uwe na akiba, na hiyo akiba imeandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya familia, babu kamwachia baba, baba kamwachia binti. Mwisho wanaume wote walioimba wanakusanyika mbele kwa wimbo mmoja, Carol y Swper. Mimi hili la kutopiga makofi ningelileta kwetu kesho asubuhi kama wangenisikiliza.

Na yote haya ni kwa Kiwelisi, lugha ambayo sensa ya 2021 ilikuta wanaoijua huko kwao ni kama 538,000, wachache kuliko wakazi wa Ilala. Wana vitabu vyao vya tenzi, wana Eisteddfod ya taifa kila Agosti inayoendeshwa kwa lugha hiyohiyo, wana mabendi ya vijana ya gitaa na marapa. Makanisa mengi ya mabondeni yamefungwa siku hizi, migodi ilishakwisha, kwaya za wanaume zimejaa mvi. Ndo maana habari ya damu inaniudhi zaidi sasa, manake ukiamini ni damu utakaa tu ukisubiri vijana waanze kuimba wenyewe, na hawataanza. Mwaka 2010 wenyewe waliligundua wakaanzisha Only Boys Aloud, wavulana wa mabondeni wanafundishwa upya kuanzia mwanzo, miaka miwili baadaye wakasimama kwenye televisheni ya Uingereza wakaimba Calon Lân.

Wiki hii nimeandika Aberystwyth kwa solfa, kopi ishirini na nane, maneno ya Kiswahili. Safari hii sikuiamini mashine, nimezikoleza nukta zote kwa kalamu, karatasi moja baada ya nyingine mpaka saa sita usiku. Ya kwanza Jumamosi nampa yule mama wa sauti ya pili, atuanzishie yeye.