Usukani mrefu sawa, ila pima mabega yako kwanza

Siku hizi kila anayejenga pikipiki ya mtindo wake anataka usukani mrefu, ule wa kupanda juu kama wa Harley za Marekani. Mimi sina ugomvi na urefu, napenda sana, shida watu wananunua kwa picha. Mtu kaona jamaa Instagram mikono iko hewani, anaagiza wa inchi 16 aje aufunge kwenye Boxer yake. Na hata kipenyo hajauliza! Pikipiki zetu hizi ndogo pa kushikia ni milimita 22, Harley ni inchi moja kamili, yaani 25.4, hapo klachi na breki zako hazivai hata kwa maombi.

Halafu zile inchi zinakwambia kimo tu, hazikwambii usukani unarudi nyuma kiasi gani, na kwangu hilo ndo la kwanza. Panda pikipiki, kaa unavyokaa siku zote, inua mikono mpaka pale isipochoka, viwiko vikunje kidogo, mtu akupimie kwa futi. Bado hujamaliza. Jifanye unageuza kona ya kurudi ulikotoka: ule mkono wa nje unasukumwa mbele mbali, na kama hapo unaanza kunyanyuka kwenye siti ili uufikie basi huo si wako, hata uwe mzuri vipi.

California sheria inaruhusu mikono ipite mabega kwa inchi 6. Mimi naishia begani. Ukizidisha vidole vinakufa ganzi, na ukifika spidi 80 kifua chote kinakula upepo, safari ya Chalinze utaiona ndefu balaa. Kwa cc 150 inchi 10 zinatosha kabisa, na bado watu watageuka kukuangalia.

Sasa waya. Ya klachi, ya mafuta (ile unayovuta kuongeza spidi), ya breki, zote zinataka ndefu zaidi, na kama breki ya mbele ni ya diski ni hosi mpya, oili mpya ya breki, na kutoa upepo wote ulioingia humo. Fundi akimaliza kufunga, weka stendi kubwa, washa, iache sailensa, yaani ingurume polepole bila kuvuta mafuta, kata usukani kushoto mpaka mwisho kisha kulia mpaka mwisho. Injini ikipandisha mlio yenyewe ujue waya wa mafuta ni mfupi, hiyo itakuja kukurukia kwenye kona ukiwa na abiria.

Kuna na hawa wanaokata usukani wa zamani wanachomelea bomba katikati, aisee hapana. Usukani ukiwa mrefu nguvu yote inaenda kule chini unapobanwa, kovu la kuchomelea ndo litaanza kupasuka. Na fundi akikwambia waya zilizopo zinatosha tu tuzivute kidogo, mlipe soda yake, peleka pikipiki gereji nyingine.