Hayo siyo mawazo, ni shingo

Jana jioni nimepita kwa mama mdogo Manzese, nikamkuta kaegemea cherehani, kajifunga kanga kichwani kaikaza kweli kweli. Nikamwamkia, nikamuuliza hospitali umeenda? Akasema, "Nimeenda mwanangu, wameniambia ni mawazo tu, wamenipa vidonge vilevile."

Nimetoka pale nina hasira mpaka leo. Miaka sita kichwa kinamuuma! Na anakueleza vizuri kabisa, maumivu yanaanzia kisogoni, yanapanda, yanakuja kutulia nyuma ya jicho. Neva za juu ya shingo na ile inayohudumia uso taarifa zao zinakutana sehemu moja kabla hazijafika juu kwenye ubongo, ndo maana shingo ikikaza paji la uso ndo linauma. Mtu anainamia cherehani kutwa nzima halafu unamwambia mawazo? Na hivyo vidonge vya maumivu, hata vya kawaida vya dukani, ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikapita miezi mitatu, vinaweza kuanza kukuletea kichwa vyenyewe. Nani alimwambia hilo? Hakuna.

Mimi bega langu liliwahi kuwekewa TENS kwa mtu wa fizio. Pedi mbili zinabandikwa kwenye ngozi, kamashine kadogo kanapitisha umeme kidogo, unasikia kama sisimizi wanatembea, na maumivu yanarudi nyuma. Watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, walilieleza mwaka 1965, kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, ukiamsha neva za mguso zile za maumivu zinabanwa. Ukijigonga goti si unalisugua? Ndo hilohilo. Marekani tangu 2014 wameruhusu Cefaly, kifaa cha kubandika kwenye paji la uso kinachopitisha umeme hivyohivyo, kwa wenye kipandauso.

Haya, nakubali, TENS haiponyeshi, na wengine haiwasaidii kabisa. Mwenye betri ya moyo asijiwekee, na mbele ya shingo hapawekwi. Ipo na ile ya kupandikiza waya wa umeme kisogoni, ila huo ni upasuaji, waya unaweza kuhama au pakaingia wadudu, hiyo siyo ya kuanzia. Ila mtu aambiwe TENS ipo! Aguswe shingo hata mara moja kabla hajaandikiwa vidonge vingine.

Tumehesabu pamoja kwenye kalenda yake ya ukutani, ile anayoandika oda za wateja. Mwezi uliopita kameza siku 22. Jumatatu naenda naye, na kalenda naibeba.