Mstari Usizidi Herufi 88, na Kuhesabu Iachiwe Mashine

Chukua laptopu ya mtumba ya inchi 14, skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Fungua VS Code, programu ya kuandikia msimbo (maelekezo ya kompyuta), gawa dirisha mara mbili, faili la zamani kushoto na jipya kulia. Ficha orodha ya mafaili pembeni, zima na ile ramani ndogo ya msimbo. Kwa herufi za ukubwa wa 14, kila upande unabeba takriban herufi 80. Ukishusha hadi 13, unakaribia 88. Mstari wa msimbo wa herufi 120 hapo unakatikia ukingoni, na kilichobadilika mara nyingi kiko huko huko usikokuona.

Ndiyo maana hoja ya kwamba ukomo wa herufi 80 umepitwa na wakati hainiingii. Ni kweli namba yenyewe ni ya kale: kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na terminali (skrini na kibodi ya kuongea na kompyuta) ya VT100 ya 1978 ikafuata humo humo. Ila hoja hiyo husemwa na wenye skrini pana. Developa anayekagua mabadiliko ya mfumo wa malipo ya korosho pale Newala, kwa laptopu moja isiyo na skrini ya ziada, anahitaji pande zote mbili zionekane kwa pamoja.

Mwongozo wa uandishi wa lugha ya Python, PEP 8, unasema 79, na timu ikikubaliana inaweza kufika 99. Black, zana inayopanga msimbo wa Python yenyewe, huja na 88. Mimi niko na 88. 79 inatubana sisi tunaotunga majina kwa Kiswahili: kokotoaMalipoYaMkulimaBaadaYaMakato ni herufi 35 kabla hujafungua mabano. Iweke ndani ya ngazi tano za Python, kila ngazi ikisogeza mstari nafasi nne, nafasi 20 nyingine zimekwenda. Usilifupishe jina likawa kmmbm. Punguza ngazi: toa kipande cha ndani, kifanye fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) yake.

Shida huanza zana mbili zisipokubaliana. Black inapanga kwa 88, flake8, zana ya kukagua msimbo, bila kuambiwa inahesabu 79, basi kila siku malalamiko ya E501, yaani mstari umezidi urefu. Watu huandika max-line-length = 88 ndani ya pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika. Flake8 yenyewe hailisomi faili hilo. Iandike kwenye .flake8 au setup.cfg.

Halafu kuna maneno marefu ndani ya alama za nukuu. Kwa mipangilio yake ya kawaida Black haiyakati, flake8 inalalamika, mtu anaingia kukata kwa mkono. Hapo ndipo pa kuogopa. Python ikikuta maneno mawili yenye nukuu yamefuatana bila koma, inayaunganisha kimya kimya:

wilaya = [
    "Masasi", "Nanyumbu",
    "Newala"
    "Tandahimba", "Mtwara",
]

Hiyo si orodha ya wilaya tano, ni nne, na mojawapo inaitwa NewalaTandahimba. Hakuna kosa litakaloonyeshwa. Mkulima wa Tandahimba ataikosa tu wilaya yake kwenye fomu. Ukiipitisha kwa Black, majina hayo mawili hukaa mstari mmoja bila koma katikati, na jicho linaliona kosa. SMS nayo ikikatwa vibaya humfikia mtu ikisema "malipo yakoya korosho". Ujumbe mrefu uweke kwenye faili lake nje ya msimbo, au acha mstari uwe mrefu na umalizie kwa # noqa: E501, flake8 iuache. Kiungo cha intaneti pia usikikate, kikikatwa hakibofyeki.

Kwenye JavaScript, ukiandika return kisha ukashusha thamani mstari wa chini, fanksheni inarudisha undefined (yaani hakuna thamani), kwa kuwa lugha imeshajiwekea nukta mkato. Anzisha mabano kwenye mstari ule ule wa return.

Mradi wa zamani upangwe upya kwa komiti moja (rekodi moja ya mabadiliko katika Git, zana ya kutunza historia ya msimbo) isiyo na badiliko jingine lolote. Namba kamili ya komiti hiyo, herufi zote 40, iandikwe kwenye .git-blame-ignore-revs, kisha kila mwanatimu aendeshe mara moja:

git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs

Inahitaji Git 2.23 ya mwaka 2019 au mpya zaidi. Bila hivyo, git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itamtaja aliyeendesha Black kuwa ndiye mwandishi wa karibu kila mstari uliopangwa upya, na aliyekosea hesabu ya makato misimu miwili nyuma hataonekana.