Lebo za sanaa ya Haiti zianze na kazi ya mkono

Kuanzia Septemba 2024 hadi Machi 2025, National Gallery of Art ya Washington ilifanya maonyesho yake ya kwanza ya sanaa ya kisasa ya Haiti, miaka zaidi ya 80 tangu jumba hilo lifunguliwe. Kiini chake kilikuwa kazi 21 zilizotolewa zawadi na familia mbili za wakusanyaji. Walikuwemo wakongwe kama Hector Hyppolite, Rigaud Benoit na Philomé Obin, na pamoja nao wasanii walio hai kama Myrlande Constant na Edouard Duval-Carrié. Ni hatua kubwa, na imechelewa mno. Ila maonyesho ya Haiti, popote yanapofanyika, yana mazoea ya kumpa mtazamaji mambo mawili mlangoni: kwamba wasanii hawa hawakusomea, na kwamba nchi yao imeandamwa na maafa. Akishalishwa hayo, ufundi ulio mbele ya macho yake anaupita tu.

Mchukue Obin. Simulizi iliyozoeleka inasema sanaa ya Haiti "iligunduliwa" mwaka 1944, Mmarekani DeWitt Peters alipofungua Centre d'Art, kituo cha sanaa, mjini Port-au-Prince. Obin alizaliwa 1892, na kufikia 1944 alikuwa na miaka mingi ya kuchora huko Cap-Haïtien. Kazi yake ilikuwa historia. Wanajeshi wa Marekani, walioikalia Haiti tangu 1915 hadi 1934, walimuua kiongozi wa upinzani Charlemagne Péralte mwaka 1919, wakaufunga mwili wake wima kwenye mlango na kusambaza picha yake ili watu waogope. Wahaiti wakaona mtu aliyesulubiwa msalabani. Obin aliirudia picha hiyo kwa rangi: mlango uleule, bendera, maiti, na mama mzazi aliyevaa nguo za msiba. Kila kitu kina ukingo mkali, maana mchoraji anatoa ushahidi. Ukiandika pembeni yake "mchoraji asiye na mafunzo", umempokonya hoja yake. Wahaiti wenyewe waliichoka lugha hiyo zamani. Mwaka 1950 kundi la wachoraji lilijitoa Centre d'Art na kuanzisha kituo chao, Foyer des Arts Plastiques, kwa sababu soko liliwataka wabaki na ushamba wa kuuzia watalii.

Kwenye sanamu za chuma ndiko lebo, yaani maelezo ya ukutani, zinapopwaya zaidi. Zinaandika "Chuma kilichokatwa", basi. Ufundi huu unatoka Croix-des-Bouquets, mji ulio karibu na Port-au-Prince, kwa mhunzi Georges Liautaud, aliyekuwa akifua misalaba ya makaburini hadi watu wa Centre d'Art walipoiona mwaka 1953. Malighafi ya ufundi huu ni pipa la mafuta la lita 200. Mfuniko na kitako vinatolewa kwa patasi. Ndani hujazwa majani makavu ya migomba au ya miwa, yakachomwa ili moto umalize mabaki ya mafuta na rangi; pipa lisipochomwa vizuri, masizi na rangi ya zamani hubaki na uso hautulii. Kisha linapasuliwa ubavuni, linakanyagwa na kugongwa hadi liwe bati bapa la kama sentimita 90 kwa 180. Mchoro unawekwa kwa chaki, na hapo patasi na nyundo huanza kazi. Mwisho bati hupinduliwa na kugongwa kutoka nyuma ili mashavu, magamba ya samaki na manyoya yavimbe mbele. Patasi ikiteleza, hakuna kufuta. Ukitazama kazi ya fundi Serge Jolimeau kwa karibu utaona mstari wa mkato ulivyo safi hata kwenye kona ya kidole, na kumbe kidole chenyewe kimetoka kwenye pipa. Kipande kama hicho kikibandikwa ukutani bila nafasi nyuma, nusu ya kazi imepotea. Kipe sentimita chache na taa ya pembeni, kivuli kichore mchoro wa pili.

Drapo, yaani bendera za Vodou, dini ya Haiti, zinaumia kwa namna nyingine. Katika ibada hubebwa mbili, zikitembezwa na kuzungushwa, na puleki, vidude vidogo vya kung'aa vilivyoshonwa juu yake, zinawaka kwa kutembea huko. Kwa mtindo wa zamani kila puleki inashikwa na ushanga mmoja: uzi unapanda katika tundu la puleki, unapita kwenye ushanga, unarudi chini kwenye tundu lilelile. Constant, aliyezaliwa 1968 na kufanya kazi ujanani katika kiwanda cha nguo za maharusi, aliingiza ufundi wa huko. Kitambaa kinakazwa kwenye fremu, mshonaji anafanya kazi upande wa nyuma, na shanga zinajipanga chini asikoziona. Anashona sura ya mtu bila kuiona. Kazi zake kubwa hupita mita mbili na zina uzito mkubwa. Ukining'iniza kitambaa hicho kwa ukingo wa juu peke yake, uzito unavuta nyuzi, kitambaa kinalegea katikati na mistari ya shanga inapinda. Kinahitaji ubao ulioegemezwa nyuma kidogo, uubebe mzigo huo kote.

Halafu mwanga. Nguo huwekewa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na ni sawa, kwa kuwa rangi za kitambaa hupauka. Tatizo ni mwanga huo kutawanywa sawasawa ukuta mzima: puleki zinakufa. Tumia taa chache, ndogo, zenye miale myembamba kutoka pande mbili, jumla ibaki 50. Mtazamaji akisogea hatua moja, bendera inasogea naye. Tena, onyesheni hata mgongo wa kazi moja. Nyuma ndiko ufundi ulikofanyika.

Unyevu nao una ugomvi wake. Chuma hupenda hewa iliyo chini ya asilimia 40, wakati kadibodi na mbao ambazo kizazi cha Hyppolite kilichorea (yeye akitumia rangi za fanicha, brashi na manyoya ya kuku) zinataka kati ya 45 na 55, la sivyo zinapinda na rangi kubanduka. Chumba kimoja hakiwezi kutosheleza vyote. Tenga kasha la kuwekea kazi za chuma.

Na kama msanii yu hai, mleteni aipange kazi yake. Atis Rezistans, kundi la wasanii wa Grand Rue mjini Port-au-Prince, wanaounda kwa vyuma vya magari, matairi na mafuvu, walifanya hivyo ndani ya kanisa la St. Kunigundis mjini Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta, mwaka 2022. Jumba lolote linaloazima sanamu hizo liweke nauli na posho ya msanii kwenye bajeti ya kwanza kabisa, na lishughulikie barua za viza kabla ya kutafuta lori la mizigo.