Symi: mji mzuri uliojengwa kwa miili ya wazamiaji

Meli inapokata kona kuingia ghuba ya Gialos, bandari ya kisiwa cha Symi huko Ugiriki, abiria wote hukimbilia ubavu mmoja, simu mikononi. Siwalaumu. Nyumba zimepanda mlima tangu ukingoni mwa maji hadi kileleni, za rangi ya haradali, waridi na buluu iliyopauka, na nyingi zina pembetatu mbele ya paa kwa mtindo wa mahekalu ya kale. Wengi husema hakuna bandari nzuri kuipita hii visiwani Ugiriki, na sifa hiyo sibishani nayo. Ninachobishana nacho ni kuimwaga bila kujiuliza: kisiwa hiki cha mawe matupu, kisicho na mto wala shamba la maana, kilitoa wapi fedha za kujenga mji wa namna hii?

Kilizitoa chini ya bahari. Kwa karne nyingi wanaume wa Symi walizamia sponji, zile laini za kuogea ziotazo baharini, wakiwa uchi, mikononi wameshika jiwe bapa zito lililofungwa kamba ili liwavute chini upesi. Mtu alibana pumzi, akakata alichoweza, akavutwa juu na wenzake. Enzi za Waosmani, watawala wa Kituruki, kisiwa kilimpelekea Sultani sponji zake, nacho kikaachiwa kujiendeshea mambo yake.

Mwaka 1863 likaja vazi la kuzamia: kofia ya shaba, mpira wa kupitishia hewa, na pampu inayozungushwa juu ya mashua. Mzamiaji sasa aliweza kukaa chini muda mrefu, tena kwenye kina ambacho pumzi ya mtu haikifiki. Mavuno yakapanda, wafanyabiashara wakatajirika, majumba yakaota. Namna salama ya kupanda juu haikuwa ikijulikana. Mtu akivuta hewa ya shinikizo kilindini, naitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Akiibuka haraka, gesi hiyo hugeuka mapovu ndani ya damu na kwenye uti wa mgongo. Majedwali ya kupanda kwa vituo, yaani kusimama njiani ili gesi itoke polepole, yalichapishwa na Mskoti John Scott Haldane mwaka 1908, miaka 45 baada ya vazi kufika kisiwani. Mashua ziling'oa nanga baada ya Pasaka kuelekea pwani za Afrika Kaskazini na kurudi majira ya baridi yakikaribia. Kila msimu kulikuwa na vijana waliorudi wamepooza miguu, na wengine waliozikwa huko huko.

Hadithi moja yao inajulikana dunia nzima, ila wao wenyewe husahaulika ndani yake. Mwaka 1900, nahodha Dimitrios Kontos na wazamiaji wake wa Symi walijikinga na dhoruba kwenye kisiwa cha Antikythera. Elias Stadiatis akazama, kisha akaibuka ametaharuki, akisema chini kumejaa maiti za watu na farasi. Zilikuwa sanamu, shehena ya meli iliyozama zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Serikali ya Ugiriki ikawapa kazi ya kuzitoa. Mmoja wao akafa na wawili wakapooza. Leo, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens, watu husongamana mbele ya vipande vya mashine ya gia za shaba iliyotoka kwenye meli hiyo, iliyokokotoa mienendo ya jua na mwezi. Ningeweka viatu vizito vya madini ya risasi vya mzamiaji kwenye kabati lilo hilo.

Kwa hiyo msije Symi kwa boti ya asubuhi kutoka kisiwa jirani cha Rhodes na kuondoka nayo alasiri. Saa hizo bandari ni tanuri, na ukingo wote umefurika watu wanaotafuta kivuli na choo. Laleni hapo. Jioni boti zikishaondoka, pandeni Kali Strata, ngazi pana za mawe zenye vidato kama 500, kutoka Gialos hadi mji wa juu, Chorio. Hapo ndipo mtauona mji ulivyo. Jumba moja limepakwa rangi upya na lina mashine ya kupoza hewa. Jirani yake halina paa, na mtini umeota palipokuwa sebule. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Siku hizi hawafiki 3,000.

Walikwenda wapi? Waitaliano walikitwaa kisiwa mwaka 1912, na biashara na bara la upande wa pili, ambalo leo ni Uturuki, ikafifia. Wengine walihamia Marekani, na baadhi wakaendelea kuzamia sponji huko Tarpon Springs, Florida. Kisha vikaja vita. Hapa Symi, tarehe 8 Mei 1945, ndipo Wajerumani waliposaini kusalimisha visiwa vya Dodecanese, Symi ikiwemo, kwa Waingereza; Ugiriki ilivipata rasmi mwaka 1948. Mji ulinusurika kubomolewa na kujengwa maghorofa ya zege kwa sababu kwa miaka mingi hakukuwa na mwenye fedha za kubomoa. Aliyetembea Lamu atanielewa upesi. Sheria za kuhifadhi zilikuja baadaye, na nashukuru zilikuja.

Kusini kabisa, kwa basi au boti, kuna monasteri ya Panormitis ya Malaika Mkuu Mikaeli, mlinzi wa mabaharia. Watu humletea nadhiri za fedha na dhahabu, na pia mifagio ya kawaida, maana huaminiwa anapenda usafi. Kwenye makumbusho yake kuna chupa zilizotupwa baharini na sala ndani, zikaletwa na mawimbi hadi kwenye ghuba hiyo. Sikukuu ni tarehe 8 Novemba, na kisiwa hufurika mahujaji.

Chakula? Kamba wadogo wa Symi, wanakaangwa wazima na kutafunwa na maganda yao, limau juu. Ni sahani pekee ambayo bei za ukingoni mwa maji hazikuniuma.

Sponji bado zinauzwa kila kona ya Gialos, lakini ugonjwa ulioanza mwaka 1986 uliziangamiza nyingi katika Mediterania ya mashariki, na nyingi zilizoko madukani hutoka bahari nyingine. Nilimuuliza muuzaji mmoja zake zimetoka wapi. Akacheka, akaniambia nichague saizi tu. Nami nikawaza Jambiani, Unguja, ambako wanawake wanalima sponji kwa kamba kwenye maji ya kina kifupi, wakizisafisha na kuzisubiri zikue kwa miezi mingi, bila mtu kushuka kilindini. Nikarudisha ya muuzaji kwenye kapu. Ya kuogea ninayo nyumbani, na najua iliota wapi.